Dawa ya Mochwari kwa Watoto Wachanga

Samaki ni mgonjwa asiyeweza kukataa dawa. Mbuzi ataitema, mtoto atang'ang'ania mlango, kuku utamfukuza uani mpaka uchoke wewe. Samaki anaogelea ndani ya dozi yake usiku na mchana. Ukizidisha hana pa kukimbilia, na akiwa kifaranga wa milimita saba hana hata mwili wa kuihimili. Kwa hiyo tangi la samaki linahitaji mlinzi kabla ya daktari. Kwetu mlinzi ni mimi, na mlinzi huyo huondoka kila asubuhi kwenda kazini Posta.

Tangi tuliachiwa na dada yangu alipohamishiwa Dodoma. Ndani mlikuwa na gapi majike watupu. Madume, wale wenye mikia ya rangi, alikwisha kuwagawa. Baada ya muda majike wakazaa. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia na ambaye tarehe yake ya kurudi hakuna anayethubutu kuiuliza, akavuta kiti mbele ya kioo.

"Baba, hawa mimba wameipata kwa nani?"

Nikamweleza kwamba gapi jike huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, akazaa tena na tena kwa miezi bila kumwona dume.

"Maelezo hayo nimewahi kuyasikia," akasema. "Mume hakuyakubali."

Gapi hatagi mayai, huzaa vifaranga hai, kisha huwala. Nikawahamishia kwenye beseni la lita 10, lenye kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, maana kichujio cha kawaida kingewafyonza wote. Binti yangu wa darasa la pili akakabidhiwa chakula: kiini cha yai lililochemshwa, kiasi cha kushika kwenye ncha ya kijiti cha meno. Binti ana huruma. Aliwapa nusu kiini, na nusu nyingine aliwawekea akiba, humo humo majini.

Yai likioza hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua. Samaki aliyedhoofika hivyo hakawii kupata madoa meupe, ule ugonjwa unaomfanya aonekane amenyunyiziwa chumvi. Habari zikasambaa uani kabla sijavua viatu.

Jirani yetu mzee alikuja na kapsuli ya rangi mbili iliyobaki kwenye dozi ya jino lake. Nikamwambia antibiotiki huua bakteria, na madoa haya ni ya kimelea. Tena bakteria watakaokufa ni wale wema wanaoishi kwenye sponji na kutuondolea amonia.

"Basi mpe nusu," akasema.

Mama mkwe alikwisha kuchuma mwarobaini. Sibishani na mwarobaini, umenitibu utotoni bila ridhaa yangu, lakini maji yake yakikolea huua samaki pamoja na wadudu wake. Hapo nikaonekana mkwe mwenye kiburi.

Ikanibidi niende kwenye duka la samaki wa mapambo. Muuzaji akanitolea chupa ndogo bila hata kusikiliza dalili.

"Bosi, hii ndiyo yenyewe. Kifuniko kimoja."

"Kwa lita ngapi?"

"Kwa tangi."

"Tangi la ukubwa gani?"

"La kawaida."

Nilisoma karatasi kwenye daladala: malakaiti ya kijani na formalini. Malakaiti ni rangi ya sumu, iliyopigwa marufuku Ulaya na Marekani kwa samaki wa kuliwa. Formalini sisi sote tunaifahamu, ndiyo inayomtunza marehemu akisubiri ndugu watoke mikoani. Sikutegemea kuipeleka nyumbani kwa watoto wachanga. Ila ni kweli mchanganyiko huo unatibu, na una jinsi yake ya kutibu ambayo wengi hawaijui. Doa unaloliona haliguswi na dawa, kwa sababu kimelea amejificha chini ya ngozi. Akishiba hudondoka sakafuni, hujifunika, hujigawa kuwa mamia, na mamia hayo hutoka kuogelea yakitafuta samaki. Hapo ndipo dawa huyakuta. Anayeacha dozi eti madoa yameisha amesitisha vita adui akiwa bado kambini anazaa. Joto letu la Dar es Salaam hapa linasaidia: maji ya nyuzi 28 huharakisha mzunguko wote, na kile ambacho kwenye nchi za baridi huchukua wiki kadhaa, kwetu ni siku chache.

Karatasi ilisema mililita 5 kwa lita 40. Beseni la lita 10 lilistahili mililita 1.25, na vifaranga hupewa nusu, yaani 0.6 hivi. Nikaingia duka la dawa kununua bomba la sindano la kupimia. Dada wa pale ni makini.

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Wiki mbili."

"Uzito?"

Nikanyamaza. Akaniuzia, lakini macho yake yalinisindikiza hadi barabarani.

Nilipofika nyumbani, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinipokea mfuko kwa heshima zote, nami nikaenda kuoga. Naye alikuwa amesikia kwa simu habari ya kifuniko kimoja. Nilipotoka, vifaranga walikuwa wamejipanga juu ya maji wakihema, shemeji anaapa hajagusa kitu, na vidole vyake vitatu ni vya kijani. Kifuniko kile kilichukua mililita 5. Kwa beseni lile ni mara nane ya kipimo.

Formalini pia hupunguza hewa ya oksijeni majini, kwa hiyo pampu ndiyo roho ya mgonjwa. Umeme ukakatika.

Tulibadilisha maji kwa mwanga wa simu. Hata hilo lina masharti: maji ya simtanki yaliyopigwa na jua mchana kutwa ni ya kuogea mzazi, si ya kumwagia kifaranga, hivyo tukayapoza kwanza kwenye ndoo. Kisha zamu za kikombe zikaanza. Unachota, unamimina kutoka juu, povu linaingiza hewa, unachota tena. Shemeji alipewa zamu ndefu kuliko wote. Mzee jirani naye alishiriki, akisisitiza kwamba kapsuli isingetufikisha huku. Umeme uliporudi walikuwa wamekufa wanne, na waliobaki walikuwa wazima kuliko sisi.

Matibabu yaliyofuata yalikuwa chumvi ya mawe. Gapi anaivumilia sana, wengine wa jamii yake huishi hata kwenye maji ya chumvichumvi. Gramu 30 kwa lita 10, imeyeyushwa kwanza pembeni, ikaingizwa kidogo kidogo kwa siku mbili, na kila siku sehemu ya maji inabadilishwa. Haina karatasi ya maelekezo wala haichafui vidole, na shemeji anaidharau kwa sababu hiyo hiyo.

Shida ikawa maji. Mtaa wetu maji ya bomba hutoka yakipenda, na mama mkwe hawezi kutazama ndoo nzima ikimwagwa mtaroni. Zile ndoo za usiku wa kifuniko, za kijani, alizibeba alfajiri akamwagilia mchicha wake nyuma ya choo, kabla sijaamka. Mchicha umestawi ajabu. Anaupika kwa nazi kila Jumamosi, anatupakulia, na kila mmoja wetu ana sababu yake: mke wangu amefunga, shemeji ana miadi Temeke, mimi tumbo. Juzi amempigia simu mume wake Tanga kumweleza kwamba nyumba hii ina majivuno, watu wanakula mboga ya kununua.