Ko-kro, ko-kro

Lori langu lina namba za KA, yaani lilikuwa barabarani kabla Tarbaj haijapata mbunge wake wa kwanza mwaka 2013. Lori la umri huo halikosi kelele. Mlango wa kushoto hulia, sanduku la betri hulia, nami nazijua zote kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Lakini hii ilikuwa ngeni. Ko-kro, ko-kro, kavu, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani ya mtungi. Ilianza kila lami ilipokatika, na nikisimama nisikilize, kimya.

Garissa, fundi wa kwanza hakuinama hata kuangalia.

“Bushi, mkubwa.”

Kwa mafundi wa malori, bushi ni kama malaria ya zamani: uumwe kichwa, uumwe goti, jina ni lile lile. Akabadilisha bushi za springi za nyuma, akapokea pesa, akanitakia safari njema. Kabla sijaumaliza mji, ko-kro.

Modogashe nikaambiwa ni krosi ya propela. Fundi alilala chini ya lori, akaitikisa, akatoka na uso wa matanga. Krosi ilikuwa nzima, naapa, lakini ndugu yake alikuwa na mpya dukani, na kufikia hapo uchovu wangu ulikuwa umeishinda akili. Wa tatu, Habaswein, huyo nitamsifu. Alifunga mkia wa ekzosi kwa waya, akakaza kila nati iliyoonekana, kisha akatung'olea hata kiti. Nyuma yake tukapata kifuniko cha thamosi, sarafu tatu za shilingi 20 na lapa la mguu wa kulia, lile ambalo tanboi wangu alikuwa amemsingizia mtu wizi wake tangu Ramadhani. Tanboi alifurahi sana. Tukaondoka yeye amepona, mimi bado naumwa.

Kutoka Wajir kwenda Tarbaj barabara ilikuwa imejikunja kama bati la paa, na mzigo wetu ulikuwa nusu: sukari, unga, katoni za tambi. Nikamwambia tanboi alale nyuma, sikio juu ya mbao, aniambie sauti inatoka wapi. Baada ya kilomita chache akagonga kabini.

“Inatoka mbele, bosi. Iko kwako.”

Tukabadilishana. Yeye ana leseni, mimi nina hasira. Nikalala kifudifudi kati ya magunia, vumbi likiniingia hadi kwenye meno, na nasema kwa yakini: kwa aliyelala kule nyuma, sauti inatoka mbele. Kwa aliyekaa mbele, inatoka nyuma. Tulipofika kwenye kizuizi, askari alichungulia juu, akaniona nimelitegea sikio gari langu mwenyewe, akamuuliza tanboi kama mgonjwa ana ndugu huko tunakokwenda.

Tarbaj tuliingia adhuhuri. Kando ya hoteli alikaa mzee mmoja chini ya mgunga, fimbo mapajani, glasi ya chai ya maziwa ya ngamia mkononi. Kabla sijashuka vizuri alikuwa amekwisha simama, anatazama nyuma ya lori, kisha chini yake, kisha vichakani.

“Adeer, ngamia wako yuko wapi?”

Yeye ndiye mzee, lakini Msomali mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile la heshima, kwa hiyo tukawa maadeer wawili tunaoshangaana. Nikamjibu kwamba sina ngamia, nina sukari. Akakataa. Alikuwa amemsikia ngamia akija tangu mbali, alisema, hata kabla ya kusikia injini, na akashangaa ngamia gani huyo anayekimbia kasi hiyo bila kupumzika.

Akaniamuru niendeshe polepole nizunguke uwanja. Akatembea kando yangu, kiganja kikiwa kwenye bodi, kama anayempapasa mnyama mwenye mimba. Mzunguko wa pili akagonga kwa fimbo karibu na tairi la nyuma.

“Hapa.”

Tanboi akasogeza magunia, akang'oa ubao uliovunjika pembeni, akaingiza mkono hadi kwapani. Akatoka na koor, kengele ya ngamia, kamba yake ikiwa bado imenasa kwenye bolti. Ilikuwa imegandwa na kinyesi na udongo hata ikafanana na mbao za lori. Koor huchongwa kwa mti, na ndimi zake ni za mti vilevile. Mafundi wangu watatu walikuwa wakisaka chuma kinachogonga chuma, kila mmoja akisikia kile ambacho spana yake ingeweza kukaza. Mti kugonga mti haukuwa kazi ya yeyote kati yao. Mzee hana hata ufunguo wa baiskeli, lakini maisha yake yote amekuwa akitafuta ngamia gizani kwa masikio.

Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 Kenya nzima. Mzee aliitikisa koor ile mara mbili tu, akataja ni ya boma gani. Kweli, mwezi uliotangulia nilikuwa nimepakia ngamia wa watu hao, wamefungwa magoti, na mmoja alikuwa amefika sokoni shingo tupu.

Nikatoa noti ya elfu moja. Akaisukuma kwa fimbo, akaniuliza kama napita Kutulo, maana alikuwa na vimbuzi vyake vya kufikisha huko.

“Vingapi, adeer?”

“Sita hivi.”

Walikuwa 19, na beberu wao alikuwa amevaa kengele ya bati.