Barua ya Wazi kwa Mtukufu Asiyependa Kungoja Zamu

Kwako Mheshimiwa Sana, Mtukufu Mchezaji wa Magharibi, mwamuzi wa ladha, mfungua masoko na mfunga masoko,



YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU MICHEZO YA KIJAPANI USIYOIPENDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u buheri wa afya, umeketi kwenye kochi lako na pedi mkononi. Najua huna nafasi. Najua pia kwamba maandishi mengi yakipita kwenye skrini bila mtu kupigwa hukuchosha, kwa hiyo sitarajii uifikishe barua hii mwisho. Ukisoma hadi aya ya tatu, kwangu ni heshima tosha.

Mimi ni mja wako mdogo, Mswahili mpenda michezo ya video itokayo Japani, ile ya kuigiza wahusika, yenye safari ndefu, majini, vijiji na vita vya zamu. Wewe umeipa jina la herufi nne, JRPG, na umetamka mara nyingi kwamba huipendi. Sisi tunaicheza kwa Kiingereza, maana kati ya ile mikubwa sijapata kuona hata mmoja uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri tunayoisoma iliandaliwa kwa ajili yako. Ukiupenda mchezo, huvuka bahari nasi tukaupata. Ukinuna, hubaki Japani nasi tukabaki kusimuliwa. Ndiyo maana sikumwandikia mtengenezaji wa Tokyo. Yeye ni fundi. Mwenye neno la mwisho ni wewe.

Nianze na shukrani, kama adabu inavyotaka. Asante kwa kutuzalia michezo hii. Mwaka 1981 huko kwenu Marekani ilitoka Wizardry, na mwaka huohuo ikatoka Ultima. Kijana mmoja wa Kijapani, Yuji Horii, aliipenda mno. Kutoka Wizardry akachukua vita vya kumtazama adui uso kwa uso, kutoka Ultima akachukua ramani ya kutazamwa kutoka juu, na kwa kuwa mashine ya Nintendo ya siku zile haikuja na kibodi ya kompyuta bali pedi yenye vitufe vichache, kila tendo akaliweka kwenye menyu: ongea, tazama, shambulia, kimbia. Akira Toriyama akachora majini, Koichi Sugiyama akatunga muziki, na mwaka 1986 kampuni ya Enix ikatoa Dragon Quest. Kwa hiyo ile menyu unayoicheka ilizaliwa na heshima kwa kazi ya mikono yenu. Ni kama mtoto aliyepelekwa kulelewa ugenini, akarudi mtu mzima mwenye lafudhi nyingine, na babu yake mlangoni akauliza: huyu mgeni wa nani?

Asante pia kwa jinsi ulivyoupokea mzigo huo. Dragon Quest ilikufikia mwaka 1989 kwa jina la Dragon Warrior. Kwa ajili yako wahusika waligeuzwa wawe wanatazama wanakokwenda, maana kule Japani walikuwa wakienda upande kama kaa. Nywila ndefu za kurudisha safari zikaondolewa, ikawekwa betri ya kuhifadhi. Mazungumzo yote yakaandikwa kwa Kiingereza cha kale, cha wafalme na mashujaa wa hadithi. Hata hivyo mchezo ulikudodea, Nintendo ikafikia hatua ya kuugawa bure kwa waliojiandikisha kupokea jarida lake. Uliupokea bure, Mheshimiwa, na bado ulikuwa na subira ya kulalamika.

Final Fantasy ya nne ilikufikia mwaka 1991 ikiitwa ya pili, imelegezwa na kupunguzwa dawa ili isikuudhi. Mwaka 1992 ukatengenezewa Mystic Quest, mchezo mzima uliorahisishwa makusudi kwa ajili ya wanaoanza upande wa kwenu: majini wamesimama wazi unawaona, na ukishindwa unaanza upya pambano lilelile papo hapo. Ya sita ikaja mwaka 1994 ikiitwa ya tatu. Kisha mwaka 1997 ikatua ya saba, nawe ukauliza, kwa busara yako, mbona mfululizo huu haueleweki. Sisi tulionyamaza tulijifunza mengi kwa swali hilo.

Ndugu zako wa Ulaya wao walitunzwa zaidi. Chrono Trigger, iliyotoka mwaka 1995, iliwafikia rasmi mwaka 2009, ili wasiipate kwa pupa. Final Fantasy ya kumi waliipata na mistari myeusi juu na chini ya picha, mwendo ukiwa umepunguzwa ili uendane na televisheni za kule. Mother 3 ya mwaka 2006 haijauzwa rasmi nje ya Japani mpaka leo. Mashabiki waliitafsiri wenyewe, bila malipo, wakaimaliza mwaka 2008. Nazitaja habari hizi kwa sababu naamini sehemu ya kutopenda kwako ilipikwa hapa. Ulionjeshwa kitu kilichokatwa, kilichochelewa na kilichobadilishwa jina, ukaambiwa: hii ndiyo Japani.

Lakini si kupakuliwa vibaya tu. Unazo sababu zako, nami nimezisikiliza kwa adabu. Ya kwanza ni zamu. Unasema haiingii akilini watu wenye panga wasimame safu mbili wakingojana. Naomba radhi kwa niaba yao. Tazama lakini kinachotokea humo. Kwenye Dragon Quest ile ya kwanza uko peke yako pangoni, na mbele ya chumba alichofungiwa binti mfalme amelala joka la kijani. Uhai wako umebaki theluthi. Uchawi wa kuponya unatosha mara moja tu. Ukijiponya, joka linapata pigo la bure na unarudi palepale ulipokuwa. Ukipiga, huenda likafa, huenda ukafa wewe, ukaamka mbele ya mfalme huku nusu ya sarafu zako zimekwenda. Hakuna anayekukimbiza. Kidole kiko juu ya kitufe, na unafikiri. Mimi sijapata kuona kasi ya vidole inayoufanya moyo udunde namna ile.

Ya pili ni shujaa. Umezoea kumuumba mwenyewe. Skyrim ya mwaka 2011 inakupa pua, rangi ya ngozi, kabila na jina, kisha inakuachia milima yote uende utakako. Ni uhuru mkubwa, nami naupenda. Mchezo wa Kijapani wa aina hii mara nyingi hukukabidhi mtu aliyekwisha kuwa na jina, na jeraha, na mambo anayokuficha, ukaombwa umsindikize. Kwako hilo ni kuamriwa. Nakuelewa: aliyezoea kuulizwa anataka nini huona ajabu kuombwa asikilize mwingine anataka nini.

Ya tatu ni kurudiarudia vita ili wahusika wapande levo. Hapa naomba usimame nami kidogo, hata kama aya ya tatu tumeshaiacha mbali. Kwenye Final Fantasy ya saba kuna Aerith, muuza maua. Unamkuza wewe. Unampigania vita vidogo visivyo na maana, saa baada ya saa, unamnunulia fimbo, unamjua ndiye mponyaji wa kundi. Kisha anauawa, na mchezo haukuulizi kitu. Baada ya pale unafungua menyu kupanga kundi, na mahali pake hayupo. Zile saa zote zimekwenda naye. Filamu inaweza kukuliza, lakini haiwezi kukunyang'anya kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Huo ndio msiba ulioandaliwa na yale marudio uliyoyaita kupoteza muda, na bila marudio hayo Aerith angekuwa picha tu iliyoanguka.

Kwa uadilifu nikubali kwamba mara nyingine ulisema kweli. Final Fantasy ya kumi na tatu ilikutembeza kwenye korido saa nyingi mno kabla ya kukufungulia uwanja mpana, na mazungumzo yake yalitaka mtu asome kamusi pembeni. Vijana wa miaka kumi na saba wamepewa kuokoa dunia mara nyingi kupita kiasi. Wanawake wamevikwa nguo ambazo hazifai vitani wala sokoni. Hayo nayasema pamoja nawe, bila kuinua sauti. Ila uliposema mashujaa wote ni watoto, nilitamani mtu akujulishe kwa Ichiban Kasuga wa Yakuza: Like a Dragon, mchezo wa mwaka 2020. Huyu ni bwana wa miaka arobaini na ushei, amekaa gerezani miaka 18 kwa kosa la mwingine, anaokota makopo na kulala na wasio na makazi. Anaona vita vyake kwa zamu kwa sababu utotoni alicheza Dragon Quest. Mchezo mzima wa kumwelewa maskini, Mheshimiwa, na wewe ulikuwa umeshafunga mlango kwa sababu ya ujana wa shujaa mwingine.

Sasa nifikie jambo linalonikereketa, nikiomba ruhusa. Mwaka 2023 Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy ya kumi na sita, alieleza kwamba lile jina lako la herufi nne, baadhi ya watengenezaji wa Japani walipolisikia mara ya kwanza walilipokea kama jina la ubaguzi, la kuwatenga na kuwacheka. Mchezo wake ulitoka Juni mwaka huo, zamu zimeondolewa zote, mapanga yanaruka kama ulivyotaka. Miezi michache baadaye tuzo kubwa ya mchezo wa mwaka ikaenda kwa Baldur's Gate 3 ya Ubelgiji, ambayo vita vyake ni vya zamu. Mwaka 2025 ikaenda kwa Clair Obscur: Expedition 33 ya Montpellier, Ufaransa, iliyotengenezwa na watu wasioficha kwamba walilelewa na michezo ya Kijapani: zamu, menyu, mashujaa wenye majina yao, machozi, na mnara wa Eiffel uliopinda. Ulisimama ukapiga makofi, ukasema ni upya uliokuwa ukiungojea.

Nami nilipiga makofi, kwa moyo wote, maana ni kazi nzuri. Hata hivyo naomba kuuliza, kwa sauti ya chini kabisa: kosa lilikuwa zamu, au lilikuwa cheti cha kuzaliwa? Mtu wa Tokyo anavua vazi lake ili akupendeze, kisha unamtuza mtu wa Montpellier aliyelivaa lilelile. Sidai kwamba kila asiyependa ana chuki. Wengi hawana muda, wana watoto na kazi, na mchezo wa saa themanini ni mzigo. Nasema tu kwamba ladha yako ina nguvu ya kufuta, na mwenye nguvu hiyo anapaswa kujua anachokifuta.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha ombi langu, ambalo naamini halitakusumbua.

Naomba kwamba kuanzia siku utakapopokea barua hii, kila unapotaka kutamka kwamba huipendi michezo ya Kijapani, kwanza usogee upande wa kulia wa sebule, usimame wima, ungoje zamu. Utawekewa menyu yenye amri nne: Sema, Sikiliza, Tumia Dawa, Kimbia. Ukichagua Sema, utasema sentensi moja, kisha utanyamaza ili sisi, kundi la wachezaji wanne, tukupitie mmoja mmoja, kila mtu na hoja yake, nawe utakuwa ukitikisika kidogo mahali ulipo bila kujibu. Naomba pia kwamba uendapo jikoni, kila baada ya hatua chache skrini ya nyumba yako izunguke, muziki ubadilike, na mtu atokee ghafla akuulize mchezo unaoulaumu uliufikisha wapi. Ikibainika hukuvuka kijiji cha kwanza, utaamka mbele ya mfalme na nusu ya sarafu zako zitachukuliwa.

Sarafu hizo, Mtukufu, naomba zisirudishwe. Zilipwe mfasiri mmoja mzuri, tena alipwe vizuri na apewe muda wa kutosha, aiandike Dragon Quest kwa Kiswahili tangu neno la kwanza la mfalme hadi la mwisho. Tafadhali tujulishe kwa maandishi ni lini utaanza kusimama kulia, ili tumwambie mfasiri aanze kazi.

Wako mtiifu, angojaye zamu yake,

Mchezaji Mswahili