Namna ya Kumlea Mstahiki wa Muheza

Kwanza kabisa, hakikisha ua lako la Usambara limepitia Ulaya. Likitoka moja kwa moja Amani, wilayani Muheza, ni kijimmea chenye majani ya manyoya kilichoshika mwamba wenye kivuli karibu na kijito, na hakuna atakayekisifu sebuleni kwako. Sharti lisafiri. Bahati nzuri kazi hiyo ilishafanywa mwaka 1892 na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani kule Tanga. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, likafika mikononi mwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka uliofuata likabatizwa Saintpaulia, kwa jina la ukoo wa baron. Waliokuwa wakilipita kila siku wakienda kuokota kuni hawakujua kwamba wamelikosa.

Sasa limerudi, na limerudi na masharti.

La kwanza ni maji. Yawe ya uvuguvugu. Maji ya baridi yakiligusa jani, jani hutoka mabaka yasiyofutika. Usiniulize mvua ya Usambara huwa inapashwa moto na nani. Ukweli ni kwamba chini ya miti mikubwa jani na mvua hukaribiana kwa joto, ilhali dirishani kwako jani limeota jua la asubuhi na maji umeyatoa kwenye friji. Kwa hiyo usilimwagie kwa juu kama mchicha. Weka sahani yenye maji chini ya chungu, liache linywe lenyewe kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usirudie mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa kwa kidole.

Hapo ndipo wengi wanapoliua, tena kwa mapenzi. Mizizi ikioza kwa maji mengi, majani hulegea sawasawa na ya mmea wenye kiu. Ukiliona limelegea huku udongo umelowa, usiongeze maji. Najua utaongeza. Basi ongeza, ila uwe na jani la akiba pembeni. Matumizi yake nitayaeleza.

Chungu kiwe kidogo, upana wake kama theluthi ya upana wa mmea. Ile ndoo ya rangi ya lita 20 uliyoitoboa kwa msumari ipandie mpapai. Udongo mwingi kuliko mizizi hukaa na unyevu, na habari za unyevu tumeshazimaliza. Changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji ya majani na mchanga wa chenga. Udongo wa mfinyanzi waachie wafinyanzi.

Mwanga liupate mwingi, jua la mchana lisilipate hata kidogo. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi linafaa. Ukilificha nyuma ya kabati, litarefusha vikonyo kutafuta mwanga na halitatoa ua hata moja. Kuhusu joto, hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi. Mkazi wa Lushoto hapa anaweza kufunga ukurasa akalale. Mkazi wa Dar es Salaam, ambako Februari hupita 30, atashauriwa kuwasha kiyoyozi, kisha ashauriwe kwamba upepo mkavu wa kiyoyozi nao unaliudhi. Achague mwenyewe, LUKU ni yake.

Usifikirie njia ya mkato ya kupanda Amani na mfuko wa plastiki. Mfuko umepigwa marufuku tangu 2019, na pale ni hifadhi ya msitu. Zaidi ya hayo, baadhi ya aina za mwituni zimebaki katika vieneo vidogo sana. Huko miti ikikatwa kivuli huondoka, na ua lililokaa mwambani maelfu ya miaka bila sahani wala pazia hukauka. Wakati huohuo, huko Marekani ua hili lina chama chake tangu 1946, na kwenye mashindano waamuzi hukagua kama majani yamejipanga duara bila pengo.

Kulizalisha kwa jani ndiyo kazi rahisi kupita zote, ndiyo maana nimeiweka mwisho, usije ukaridhika mapema. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo cha sentimita tatu hivi, kwa mshazari, ukichomeke kwenye mchanganyiko wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki kadhaa litatoa mizizi. Vitoto huchukua miezi, kwa hiyo acha kulichomoa kila Jumapili ukichungulia kama limeota.

Majirani nao wanalijua hili. Mgeni akiomba jani, mpe la safu ya katikati, lile la chini kabisa limeshazeeka. Asipoomba, hesabu majani kabla hajaaga.