Mfuasi Mwaminifu Kuliko Wote: Barua ya Wazi kwa Kituo cha Tafiti na Masuala ya Habari, Riyadh

Kwa Kituo cha Tafiti na Masuala ya Habari,
Kasri la Mfalme,
Riyadh.

YAH: SHUKRANI KWA USOMAJI MAKINI

Waandishi wa habari walio uhamishoni, yaani wale waliolazimika kuziacha nchi zao ili waendelee kuandika, au kuishi tu, hulalamika mara kwa mara kwamba hawana wasomaji: magazeti ya nyumbani hayawachapishi, redio haziwataji, na jamaa waliobaki huogopa hata kufungua makala waliyotumiwa. Malalamiko hayo yanapaswa kusahihishwa, kwa kuwa yanakisahau Kituo, ambacho kimeyasoma maandishi ya Wasaudi walio ughaibuni kwa subira ambayo hakuna mhariri wala mhakiki aliyewahi kuwaonyesha. Msomaji wa kawaida husoma makala, akacheka au akakasirika, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Kituo husoma makala hiyohiyo, kikataka kujua imeandikwa kwa simu gani, kutoka mtaa upi, ndugu wa mwandishi wanaishi wapi, na hati yake ya kusafiria inakwisha lini.

Kiswahili kimejaliwa kitenzi kinachoweza kuueleza uhusiano huu bila msaada wa wataalamu wa mawasiliano, nacho ni kufuata. Mtu akisema kwamba anamfuata mwandishi fulani mtandaoni, ana maana ya kuwa hupokea kila anachokiandika. Mtu huyohuyo akisema kwamba anamfuata mtoto shuleni, ana maana ya kuwa anakwenda kumchukua ili amrudishe nyumbani. Watumiaji wengi wa mitandao ya kijamii hutosheka na maana ya kwanza. Kituo, ingawa hakijasikika kikizungumza Kiswahili, kimekielewa kitenzi hiki kwa ukamilifu wake.

Ni haki kukumbusha kwamba Kituo hakikuanza na maadui wa kuzaliwa. Jamal Khashoggi, kwa mfano, alikuwa mhariri wa gazeti la Al-Watan na mshauri wa Mwanamfalme Turki al-Faisal alipokuwa balozi London na Washington, na kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa mtu wa ndani anayejua mipaka ya kusema. Mwishoni mwa mwaka 2016 alikatazwa kuandika na hata kutwiti, yaani kutuma ujumbe mfupi wa hadhara kwenye Twitter, mtandao ambao tangu mwaka 2023 unaitwa X. Katikati ya mwaka 2017 alihamia Marekani, na Septemba mwaka huo akaanza safu yake katika gazeti la Washington Post. Katazo hilo la kutwiti lilikuwa na mantiki yake. Katika ufalme ambamo vyama vya siasa ni marufuku na wahariri hawadumu bila ridhaa ya serikali, Twitter ilikuwa imegeuka baraza la nje ya nyumba, pale ambapo watu hukaa jioni na kuyataja majina ya wakubwa bila kuyatanguliza na dua. Baraza lisilo na mwenye nyumba lilikuwa jambo geni, na Kituo kilijitolea kuwa mwenyeji.

Agosti 2017 aliyekuwa mkuu wa Kituo, Saud al-Qahtani, ambaye wakosoaji walimpachika jina la Bwana Hashitegi kwa kupenda kwake maneno yanayotanguliwa na alama ya reli ili yakusanye mjadala mahali pamoja, aliwaomba wananchi wamtajie watu wanaostahili kuingizwa katika alichokiita orodha nyeusi. Aliwaonya pia waliojificha nyuma ya majina ya bandia kwamba majina hayo hayatawasaidia, akatoa sababu tatu: kwanza, dola zina njia ya kumjua mwenye jina, pili, anwani ya intaneti, yaani namba inayokitambulisha kifaa kinapoingia mtandaoni, inaweza kupatikana kwa ufundi, na ya tatu ilikuwa siri ambayo hakuwa tayari kuisema. Wakati huohuo alifafanua kwamba yeye si mtu wa kujiamulia, bali mtumishi anayetekeleza amri za wakubwa wake. Ni nadra kwa ofisi ya usalama kuchapisha utaratibu wake wa kazi kwa uwazi wa namna hii, na uwazi unapaswa kupongezwa popote unapojitokeza.

Baadaye mahakama ya Marekani ilisaidia kuonyesha njia mojawapo ambayo kwayo siri za watumiaji wa Twitter zilikuwa zikivuja. Ahmad Abouammo, aliyekuwa akisimamia ushirikiano wa Twitter na vyombo vya habari vya Mashariki ya Kati, alitiwa hatiani Agosti 2022 kwa kuitumikia Saudia kama wakala wa siri, na Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 42. Miongoni mwa alivyopokea ilikuwamo saa ya kifahari aina ya Hublot. Mwenzake Ali Alzabarah, mhandisi ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitambo haizimiki, alidaiwa katika hati ya mashtaka kuzifungua taarifa za akaunti zaidi ya 6,000 kuanzia Mei 2015, ingawa kazi yake haikumhitaji kuifungua hata moja, na alipobanwa na wakuu wake Desemba mwaka huohuo alipanda ndege na familia yake kurudi Saudia, asikanyage tena ofisini. Waliokuwa wakiamini kwamba neno la siri refu na jina la bandia vinatosha waligundua kwamba mlango walioukomea ulikuwa na ufunguo wa pili, na ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa mfanyakazi wa mwenye nyumba. Taarifa zenyewe hazikuwa za kutisha kwa kuzitazama: barua pepe, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya intaneti. Kwa mtangazaji wa biashara hizo ni takwimu za kuuzia sabuni. Kwa mtu anayeandika mzaha juu ya wakubwa akiwa Riyadh, au anayepokea habari kutoka Riyadh akiwa Montreal, tofauti kati ya sabuni na jela ni nani aliyeifungua faili.

Kampuni yenyewe ya X itapelekewa nakala ya barua hii kwa taarifa, ingawa huenda isiwe na hamu kubwa ya kuisoma. Mwaka 2022, Elon Musk alipoinunua, kampuni ya Kingdom Holding ya Mwanamfalme Alwaleed bin Talal iliziacha ndani hisa zake zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.9 na kuwa ya pili kwa ukubwa kati ya wenye hisa. Hakuna anayedai kwamba mwenye hisa hupewa funguo za wateja. Mpangaji aliyekwisha kuibiwa na mlinzi, hata hivyo, anaruhusiwa kuuliza majirani wapya ni akina nani.

Wale wasioweza kufunguliwa faili walitumiwa nzi. Nzi wa kielektroniki ndilo jina ambalo Wasaudi wenyewe walizipa akaunti za bandia na za kulipwa, zinazomvamia mkosoaji kwa makundi, zikimtukana, zikimzushia na kuyafukia maneno yake chini ya maelfu ya ujumbe usio na maana. Desemba 2019 Twitter ilitangaza kufunga mtandao wa akaunti takribani 88,000 uliohusishwa na kampuni moja ya matangazo ya Saudia, na miezi michache kabla ya hapo ilikuwa imeifunga moja kwa moja akaunti ya al-Qahtani mwenyewe. Wahenga wa Waswahili waliposema kwamba nzi kufia kidondani si haramu hawakuwa na habari za nzi anayelipwa mshahara, lakini waliona jambo moja la msingi, kwamba nzi hatui bure: pakiwa na nzi wengi kiasi hicho, pana kidonda.

Omar Abdulaziz, kijana aliyepata hifadhi Kanada mwaka 2014 na kujijengea watazamaji wengi YouTube, alipendekeza dawa ambayo Khashoggi aliiunga mkono na kuahidi kuigharimia, nayo ilikuwa nyuki. Watu walioko ndani ya ufalme wangepelekewa laini za simu za nje, zisizosajiliwa kwa majina yao, ili wafungue akaunti zisizoweza kuunganishwa na kitambulisho cha taifa, na kundi hilo lingepambana na nzi kwa pamoja. Wawili hao walipanga mambo haya kwa WhatsApp, wakibadilishana ujumbe zaidi ya 400, kwa imani ya haki kabisa kwamba WhatsApp husimba maneno, yaani huyageuza mafumbo yasiyosomeka njiani hadi yafike kwa mpokeaji. Imani hiyo ilikuwa sahihi na haikusaidia kitu. Katikati ya mwaka 2018 Abdulaziz alipokea ujumbe uliojifanya taarifa ya kifurushi alichokiagiza, akaugusa, na simu yake ikaingiwa na Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, ambayo haihangaiki kufumbua mafumbo njiani kwa sababu huketi ndani ya simu na kusoma pamoja na mwenye simu. Watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walihusisha shambulio hilo na Saudia, na wakachapisha matokeo yao tarehe 1 Oktoba 2018. Fuata nyuki ule asali, wasema Waswahili. Kituo kiliwafuata nyuki, na asali haikuwa shabaha yake.

Jambo hili laeleza kwa nini ushauri wanaopewa waandishi wa uhamishoni, wabadilishe maneno ya siri, wazime huduma ya kuonyesha mahali walipo, wathibitishe akaunti kwa hatua mbili, ni ushauri mzuri unaoishia mlangoni. Hakuna uthibitisho wa hatua mbili unaoweza kumlinda kaka. Ndugu wawili wa Abdulaziz walikamatwa Saudia Agosti 2018, wakati yeye mwenyewe alikuwa salama Kanada, na wataalamu wa ukandamizaji unaovuka mipaka, maana yake dola kumwadhibu raia wake akiwa katika ardhi ya dola nyingine, huitambua mbinu hii ya kuwashika jamaa kuwa ya bei nafuu: haihitaji Pegasus, wala mhandisi, wala viza.

Kuhusu kiwango cha usomaji, hata hivyo, mfano wa kupigiwa saluti ni wa Muhammad al-Ghamdi, mwalimu mstaafu ambaye Julai 2023 mahakama maalumu ya jinai ilimhukumu kifo kwa maandishi yake ya X na shughuli zake za YouTube. Wafuasi wake wote walikuwa wapatao 10. Kaka yake, mwanazuoni anayeikosoa serikali akiwa Uingereza, alieleza kwamba hukumu ile ilimlenga yeye. Hukumu ilitenguliwa baadaye, na Septemba 2024 ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 30. Waandishi wengi wenye wafuasi laki kadhaa hufa bila kusomwa kwa makini hata mara moja. Mwalimu huyu alikuwa na wafuasi 10, na wa kumi na moja alikisoma kila alichoandika, neno kwa neno, hadi mahakamani.

Imebaki hati ya kusafiria. Mtu aliye uhamishoni anaweza kuikimbia nchi, asiweze kuyakimbia makaratasi yake, kwa sababu pasipoti, cheti cha talaka na kibali cha ndoa vyote hutolewa na dola ileile aliyoikimbia. Mei 2018 wajumbe wawili kutoka Saudia walimtembelea Abdulaziz Kanada na kumsihi arudi nyumbani, na afike ubalozini kuchukua pasipoti mpya. Khashoggi alimshauri akutane nao mahali pa hadhara tu. Mshauri huyohuyo, akitaka karatasi ya kumwezesha kufunga ndoa, aliingia ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul tarehe 2 Oktoba 2018, siku moja baada ya ripoti ya Toronto, huku mchumba wake akisubiri nje.

Maelezo rasmi ya Saudia kuhusu kutoweka kwake yalikuwa na wingi wa kuvutia. Kwanza marehemu alikuwa ametoka salama, na kamera za mjini kweli zilimwonyesha mtu mwenye nguo kama zake akitembea; halafu, tarehe 20 Oktoba, alikuwa amekufa katika ugomvi wa ngumi; siku chache baadaye mwendesha mashtaka akasema mauaji yalipangwa. Tathmini ya idara za ujasusi za Marekani iliyotolewa Februari 2021 ilieleza kwamba mrithi wa kiti cha ufalme, Mwanamfalme Mohammed bin Salman, aliidhinisha operesheni ya kumkamata au kumuua, na kwamba katika kikosi cha watu 15 kilichofika Istanbul walikuwamo maofisa waliofanya kazi na Kituo hiki au waliohusiana nacho. Serikali ya Saudia iliikataa tathmini hiyo yote. Mahakama ya Riyadh iliwatia hatiani watu wanane ambao majina yao haikuyatangaza. Al-Qahtani alichunguzwa, hakushtakiwa.

Barua hii haiombi msamaha, kwa kuwa Kituo hakijawahi kukubali kosa, wala haiombi kiache kusoma. Inaomba taarifa moja tu, kutoka kwa taasisi ambayo kumbukumbu zake zinajulikana kuwa kamilifu. Dola iliyoweza kumpata mwalimu mstaafu mwenye wafuasi 10 haijaeleza hadi leo mwili wa mwandishi aliyekuwa na wafuasi zaidi ya milioni moja uliwekwa wapi, na familia yake haijazika.