Itifaki Imezingatiwa, Maswali Baadaye

Kwa Waheshimiwa Waratibu wa Mihadhara ya Wageni katika vyuo vikuu vyetu,

Hongereni. Mmegundua namna ya kumleta chuoni mtaalamu wa uchumi, sera au siasa na kumrudisha salama bila kuguswa na swali hata moja. Siri iko kwenye ratiba: utambulisho wa meza kuu, salamu za mdhamini, wasifu wa mgeni rasmi unaoanzia shule ya msingi, kisha hotuba. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akinyoosha mkono aulize habari za deni la taifa, mshereheshaji anatangaza kwamba muda umetutupa mkono: maswali matatu tu, yaandikwe kwenye karatasi, yapitiwe kwanza. Muda wa picha ya pamoja, kwa bahati njema, haujawahi kukosekana.

Wapo wachokozi wanaodai kwamba mhadhara wa uchumi usio na maswali ni mkutano wa kampeni uliokosa fulana. Hoja yao ni kwamba mgeni akisema uchumi umekua, hapo ndipo kazi inapoanza: umekua katika sekta zipi, na mkulima amepata nini? Wanapenda kutaja Makerere ya mwaka 1970, ambako itifaki ilizembewa vibaya sana. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia Dar es Salaam, alipandishwa jukwaa moja na Ali Mazrui, profesa wa sayansi ya siasa wa palepale Makerere, wakapingana hadharani mbele ya wanafunzi. Hakuna aliyemkinga mgeni. Matokeo yake, mjadala ule unatajwa hadi leo, ilhali mihadhara yenu ina utulivu ambao hata waliohudhuria hawaukumbuki.

Mtanijibu kwamba enzi zile nazo hazikuwa pepo. Ni kweli: Cheche, jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam, lilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1970. Lakini makala ya Issa Shivji iliyotoka humo, kuhusu mapambano ya kitabaka, imeendelea kusomwa kuliko amri iliyolifunga jarida. Na Rodney alipotoa hotuba iliyowaudhi wakubwa mwaka 1969, gazeti la The Nationalist lilimjibu kwa tahariri kali, naye akaendelea kufundisha hadi 1974. Tahariri ile ilimpa msomaji hoja mbili za kupima. Marufuku haikumpa hata moja. Somo hilo lilirudi mwaka 2018, Tanzania iliporekebisha Sheria ya Takwimu na kuzuia kutangazwa kwa takwimu zenye lengo la kuzitia doa zile rasmi. Mwaka uliofuata Bunge likalegeza masharti. Bunge zima lilihitajika kuweka zuio ambalo ninyi huliweka kwa kuzima kipaza sauti kimoja.

Mtasema pia kwamba wanafunzi hawana adabu na kwamba wageni wakubwa hawatakuja tena. Utovu wa adabu una dawa yake, naye ni mwenyekiti wa kikao. Ndiyo maana akapewa kiti. Ama mgeni anayemwogopa kijana wa miaka 21 mwenye daftari, huyo ni hatari zaidi akiwa ofisini kuliko akiwa ukumbini, kwa kuwa huko anashika bajeti na hakuna anayemnyooshea mkono.

Ombi langu ni dogo. Nusu ya muda iwe ya maswali, yaulizwe kwa mdomo bila kuchujwa, na kila hotuba ya sera iwe na msomi wa kuipinga jukwaani. Likiwashinda hilo, mwacheni mgeni atume hotuba yake kwa barua pepe, na ukumbi wapeni wanafunzi wajadiliane wenyewe. Kodi inayolipia viti vile ni yetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi