Sifa za Pwani ya Masika

Wanaoisifia Diani ya Desemba hawana kazi kubwa. Jua lipo, kaskazi inavuma taratibu, maji ni ya samawati, na kila chumba kina mtu. Mimi nimesimama kuitetea Diani ya Mei, tena Diani ya Mei ya mzazi mwenye watoto wa chekechea. Hiyo haijapata msifiaji. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliitungia Mombasa mashairi mengi, lakini sidhani kama aliwahi kukabidhiwa watoto wawili, ndoo ya plastiki na wiki nzima ya mvua.

Tuanze na bei, maana ndiyo iliyokuleta. Mtoto wa chekechea hana mtihani wa kukosa, hivyo mzazi wake husafiri wakati wenzake wamefungwa na muhula, na hoteli hushusha bei kwa ukarimu mkubwa. Sababu ya ukarimu huo haitajwi kwenye simu. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote katika pwani ya Mombasa na Kwale. Baadhi ya hoteli hufunga milango. Zinazobaki hutumia nafasi hiyo kupaka rangi, kubadili makuti na kukausha bwawa. Unafika, unafungua mlango wa roshani, na chini yako ni mafundi wawili ndani ya bwawa tupu, wanagonga vigae. Baba anafura. Mama anaulizia meneja. Watoto, ambao ndio wenye likizo, wameshaomba viti wakae hapo hapo mpaka mafundi waende kula. Sijaona mtoto wa miaka minne aliyependa maji kuliko nyundo.

Safari nayo ina baraka zake. Kutoka Nairobi kuna treni iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, nayo huwafikisha salama, nyote mkiwa mmepakwa biskuti. Kisha mnavuka Likoni. Kivuko hicho, ambacho watu wa Mombasa hukilaani asubuhi na jioni, mtoto hukiona ndiyo likizo yenyewe: gari limeingia ndani ya chombo, na chombo kinaelea! Kinachofuata baada ya hapo, ikiwemo bahari nzima ya Hindi, ni nyongeza tu.

Na bahari yenyewe, tuseme kweli, wakati huo haikuhitaji. Zamani, kabla hoteli ya kwanza haijajengwa, watu wa pwani walijua kwamba bahari ina wakati wake wa kufungwa. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Ghuba na Uarabuni yalingoja kusi iyarudishe kwao kuanzia Aprili, na kusi ilipopamba moto, Juni na Julai, manahodha wenye akili walikuwa wameshatia nanga. Wanaume walioishi kwa kusafiri baharini walijua kukaa nyumbani. Mzazi wa leo, ambaye hawezi kutofautisha omo na tezi, ndipo anapofunga mizigo. Huo ni ushujaa, na ushujaa haukosi mwenye kuusifu.

Kusi huleta mwani. Huja kwa marundo, hulala ufuoni kwa mstari mrefu unaofika mpaka usipoona, ukianza kuoza hutoa harufu ya mayai viza. Msimu wa wageni hoteli huajiri vijana wa kuukwangua kila alfajiri. Mei hakuna anayejisumbua, na hapo ndipo mwani unapoonyesha thamani yake. Wataalamu watakwambia kwamba ukiachwa mahali pake huzuia mchanga usiliwe na mawimbi. Mwanao anajua zaidi. Unarukiwa, unavaliwa kichwani, kinafukiwa ndani yake kiatu kimoja ambacho hakitaonekana tena. Chini yake kuna viroboto wa mchanga na vijikaa, na kaa akikimbia upande upande, mtoto naye hukimbia upande upande, saa nzima, bila betri.

Halafu kuna maji kupwa na kujaa. Bahari ya huku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita 3. Ratiba hiyo imepangwa na mwezi, na mwezi haujawahi kuuliza mtoto analala saa ngapi mchana. Hivyo maji yanajaa vizuri, matulivu nyuma ya mwamba, saa ile ile mdogo amesinzia kifuani kwako na huthubutu kupumua. Akiamka, bahari imekwenda zake. Limebaki tope, mawe, na madimbwi yenye jongoo bahari.

Nawe unasikitika, umelipia bahari. Wahenga walishakujibu: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mtoto anachagua dimbwi lisilofika hata vifundo vya miguu, anaipa mgongo bahari iliyowapokea Wareno na Waomani, anachota, anamwaga, anachota. Ukimvuta akaone mawimbi yakipasuka mwambani atakutazama kama mtu aliyemkatiza kazini. Desemba ungemlazimisha, kwa sababu wenzako wangekuwa wanaogelea na wewe ungeona haya. Mei hakuna wa kumwonea haya. Unakaa kwenye mchanga wenye unyevu, suruali inalowa, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe huna pengine unapotakiwa kuwa.

Mvua ya masika pwani hupenda usiku na alfajiri, ikipiga makuti kwa kishindo saa kumi na moja. Watoto huamka wamefurahi. Kufikia kifungua kinywa ukumbi wa meza nyingi ni wenu peke yenu, na wahudumu, ambao hawana mgeni mwingine wa kumhudumia, humzunguka mdogo wako wakimwita bosi: “Bosi leo atakula mahamri au uji?” Bosi anataka chipsi. Juu ya paa kima anangoja mkate usioangaliwa. Mbega wa Diani, weusi wenye mabega meupe, hawana haja na mkate wako, wao ni wala majani. Wamefungiwa madaraja ya kamba juu ya barabara ili magari yasiwaue, na kumtazama mmoja akivuka ni burudani ya bure inayoshinda katuni. Ila kima anataka mkate. Ataupata.

Nepi hazikauki, na za kutupa zinaisha Alhamisi. Mbu nao wako kazini, kwa hiyo chandarua si pambo. Chumvi imeingia kwenye zipu ya begi. Haya yote ni kweli, nami sikuahidi kwamba mzazi atapumzika. Niliahidi kuisifu likizo, na likizo ni ya watoto.

Basi ukipata nafasi mwezi Mei, nenda. Beba nguo mara mbili ya zile unazodhani zinatosha, beba sabuni ya kufulia, na kabla ya kulipa uliza kama bwawa litakuwa na mafundi. Wakikwambia halina, tafuta hoteli nyingine.