Ua wa Mzee Umepata Mtoto

Sinza, jijini Dar es Salaam, ilipimwa viwanja miaka ya 1970, kila nyumba ikaachiwa ua wa kuanikia nguo. Leo mwenye nyumba akiona ardhi imelala bure huingiwa na huruma, akaita fundi. Tofali hushushwa usiku, maana kibali cha ujenzi hakijazaliwa. Mwembe chini. Shimo la choo linafunikwa zege, juu yake sebule ya mpangaji. Dirisha linatazama ukuta, na hiyo ndiyo faragha. Kodi miezi sita mbele. Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na umeme huo ananunua mpangaji! Hongera, baba mwenye nyumba. Ila tuambie: shimo likijaa, gari la maji taka litapita wapi?